Bawabu wa Filamu

Kila mtu mpya alipotokea kwenye shuka jeupe, ukumbi mzima ulinyamaza ukimngoja Mkalimani atuambie ni nani. Watoto waliacha kutafuna njugu. Askari waliokuwa wakibishana nyuma habari za mpira walikatiza. Mtu yule wa kwenye shuka angeweza kuwa amekwisha kusema maneno mengi kwa Kiingereza, pengine amekwisha kumpiga mwenzake risasi, lakini kwetu sisi alikuwa bado hajaingia. Aliingia pale Mkalimani alipoinua fimbo yake, kivuli cha ncha yake kikamgusa miguuni, naye akasema, "Huyu sasa."

"Huyu sasa, mtazameni. Viatu iko na vumbi, lakini kofia safi. Mtu wa kofia safi na viatu chafu anakimbia bibi yake."

Tulicheka, na mtu yule akawa mume mtoro mpaka mwisho wa filamu, hata kama waliomtazama kwenye majumba ya sinema ya mjini walimjua kuwa ni padri.

Sinema yetu ilikuwa Naguru, katika ukumbi wa nyumba za polisi, Jumamosi alasiri. Usiku hapakuwa na sinema. Miaka ile ya utawala wa wanajeshi, mtu mwenye akili alikuwa ndani kwake kabla ya giza. Kwa hiyo giza tulilitengeneza wenyewe, kwa mablanketi ya kijivu ya polisi tuliyoyapigilia misumari madirishani. Joto la mle lilikuwa la tanuri. Filamu zilikuwa za Kiingereza, mara nyingine za Kihindi, na wake wa polisi, wengi wao watu wa kaskazini kama mama yangu, hawakujua lugha hizo. Mkalimani alisimama kando ya shuka akatupa filamu kwa Kiswahili chetu kile cha Kampala, chenye ufa hapa na pale kama kikombe cha kantini, lakini chai haimwagiki.

Naandika habari zake kwa sababu mama yangu yuko hai. Nitafika huko.

Kazi iliyomlisha ilikuwa ya ubawabu. Alifungua na kufunga mlango wa hoteli moja kubwa ya Nakasero, amevaa koti jekundu lenye vifungo vya shaba. Koti lile alilipenda kuliko ilivyo haki mtu kulipenda koti. Alikuja nalo sinema, katika joto lile, na jasho lilipoanza kumtiririka kwenye kidevu alijipangusa kwa kiganja ili kola isilowe. Mlangoni pale alikuwa amewapitisha mawaziri, Wazungu, maharusi, wafanyabiashara kutoka Kongo, na siku hizi, zaidi ya wote, wanajeshi. Hakupata kukaa katika chumba kimoja na watu hao. Alichokijua juu yao ni pale walipoingia.

"Mtu anaingia mara moja tu," alipenda kusema. "Zile zingine ni kurudi."

Na pia: "Uso imesoma, inajua kudanganya. Miguu haijaenda shule."

Lakini kipimo chake kikubwa, alichokiamini kama wengine wanavyoamini msahafu au Biblia, kilikuwa hiki: duniani kuna watu wa aina mbili. Kuna anayemwona askari wa mlango, na kuna anayeuona mlango. Anayemwona askari, hata kwa kuinua kidole tu, huyo ni mtu. Anayeuona mlango, hata akija na Biblia kwapani, mwogope. Kwa kipimo hicho aliwagawa watu wote wa kila filamu, na kwa kipimo hicho alitugawa sisi.

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakujua kuingia. Mtu aliyeishi kwa kutazama waingiao aliingia ukumbini ubavuubavu kama kaa, kigoda chake mkononi, akinong'ona "samahani, samahani, nnyabo," yaani mama kwa Kiluganda, akikanyaga vidole vya watu. Tulipomcheka alisema, "Daktari wa meno yeye mwenyewe iko na pengo."

Sijui kabila lake. Alizungumza lugha zote za kambini, zote vibaya kwa usawa, na kila kundi lilidhani yeye ni wa kundi lingine. Hakuwa polisi. Polisi alikuwa mkewe, mwanamke mrefu wa cheo cha koplo, na ilikuwa kwa haki ya mkewe kwamba aliishi pale. Hilo liliwapa wanaume wa kambini furaha isiyoisha.

"Mume wa koplo! Leo umepiga saluti nyumbani?"

"Nimepiga," alijibu bila kugeuka. "Na nimepewa chakula. Wewe bibi yako amekupa?"

Mkewe alimwita "ssebo," yaani bwana, kwa upole mbele za watu, naye alimwita "Afande." Nilidhani ni mzaha mpaka nilipomsikia akimwita hivyo ndani ya nyumba yao, mlango umefungwa, akiuliza chumvi iko wapi.

Alikuwa mchoyo wa njugu. Alinunua zake peke yake, akazitia mfuko wa ndani wa lile koti, na katikati ya maneno ya kusikitisha kabisa, mama wa kwenye filamu akifa, tulisikia kacha, kacha, anatafuna. Alikuwa mwoga pia, wala hakuficha. Aliwaogopa mbwa wa polisi hata wakiwa wamefungwa, akazunguka kambi nzima ili asipite karibu na banda lao. Radi ikipiga alikaa chini popote alipokuwa. Nayasema haya makusudi, maana ukiniambia umewahi kumjua mtu jasiri, nitakuuliza kwanza alikuwa akiogopa nini.

Kuhusu Kiingereza chake, sote tulikuwa na shaka. Mimi wakati huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, nakaa nyumbani kwa baba yangu konstebo, na Kiingereza nilikijua cha kutosha kuona kwamba Mkalimani alikuwa akitafsiri nyuso na viatu, na maneno aliyasikiliza kidogo sana. Siku moja alimpa jina la mwizi mtu aliyekuwa daktari. Baada ya filamu nilimfuata nje.

"Mzee, yule alikuwa daktari. Amesema mwenyewe."

"Alisema lini?"

"Alipoingia tu."

"Alipoingia, alitazama mgonjwa ama alitazama saa ya ukuta?"

"Alitazama saa."

"Basi. Mwizi wa saa."

"Lakini mzee, amempasua mgonjwa, mgonjwa amepona!"

Akanitazama kwa huruma. "Kijana, hata mwizi anaweza kusaidia mtu siku moja. Hajaacha kuwa mwizi."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake nyingine: jina la mlangoni halirudishwi. Akikosea kumtaja mtu alipoingia, alibeba kosa lile mpaka mwisho, hata filamu ikimpinga kwa kelele. Daktari aliendelea kuponya watu na Mkalimani akaendelea kutueleza namna anavyovizia saa. "Nikirudisha jina leo," aliniambia, "kesho nikisema 'huyu sasa,' nani atanyamaza?" Na watu walimfuata. Tulizoea kutazama filamu mbili kwa wakati mmoja, moja ya macho na moja ya masikio, na zilipogombana, akina mama walichagua ya masikio. Ilikuwa na maana zaidi, walisema, na watu wake walikuwa kama watu wanaowajua.

Tabia hiyo hakuiacha kwenye shuka. Mtu wa kweli akiingia ukumbini kwa mara ya kwanza, fimbo iliinuka vilevile, na alilosema likawa jina lake kambini. Mimi nilipoingia mara ya kwanza, tumehamishiwa Naguru kutoka Gulu juma lile, nilisimama karibu na mlango ingawa palikuwa na nafasi kwenye mabenchi. Fimbo ikanielekea.

"Huyu sasa. Huyu hatakaa."

Ukumbi ukacheka. Sasa nimevuka miaka arobaini, nimekuwa karani wa ghala Kisumu, nimefundisha kidogo Arua, nimeuza nguo Bunia, nimepanga vyumba katika miji ambayo majina yake mengine nimeyasahau, na kila ninapofunga mizigo namsikia. Sijui kama alinisoma au alinituma. Lakini sijawahi kumlaumu. Ni wachache duniani waliowahi kunitazama vizuri vile, tangu miguuni.

Mama aliingia nyuma yangu siku hiyohiyo. Aliteleza kidogo kizingitini, akajishika kwenye bega la mtu asiyemjua, na badala ya kuona haya akacheka. Kicheko cha mama yangu kilikuwa maarufu tangu Gulu. Kilitoka chote kwa pamoja, kama sufuria zinazoporomoka kabatini, na kilipoanza hakikusimama mpaka kimeisha chenyewe. Mkalimani hakuwa hata amemaliza kuinua fimbo.

"Huyu sasa!" akasema. "Huyu ni Mama Kicheko. Mpeni benchi ya mbele, atatusaidia."

Akawa Mama Kicheko, na akakaa mbele kila Jumamosi. Mkalimani alipima kazi yake kwa kicheko kile. Akisema neno la kuchekesha na mama akanyamaza, alilirudia kwa namna nyingine.

Lazima niseme kidogo kuhusu miaka yenyewe, kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo. Watu walichukuliwa kwa neno. Jirani yetu, fundi wa redio, alifanya mzaha kantini juu ya tumbo la mkubwa wa nchi. Mzaha mfupi tu, na wenzake walicheka kidogo. Jioni ile gari lilikuja, wakamtia ndani, na viatu vyake vikabaki mlangoni pake. Mkewe hakuviondoa. Tulivipita kila asubuhi tukienda bombani. Na sisi watu wa Acholi tulikuwa tayari tunatazamwa kwa jicho baya, hata baba aliyevaa sare. Waliochukua watu walijulikana kwa mashati ya maua na miwani nyeusi. Ukiwaona, ulikumbuka ghafla kwamba una kazi mahali pengine.

Jumamosi moja wawili wao walikuja sinema. Waliingia bila kumtazama mtu, wakaketi benchi ya mbele, mkono wa kulia wa mama. Ndani ya giza lile la mablanketi hawakuvua miwani. Mkalimani, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuinua fimbo kwa watu waliokuwa wageni. Aliigeuza tu mkononi.

Fundi wa mashine alikuwa na mkanda mpya. Wahindi wenye majumba ya sinema walipofukuzwa nchini waliacha mikanda yao, na masanduku yale yalikuwa yamepita mikono mingi, hayana tena vifuniko vyake. Fundi alipachika aliouona mbele yake. Hakuna aliyejua ni filamu gani, hata yeye.

Ilianza kwa mlango mkubwa wa ikulu na askari wa mlango amesimama kandoni. Mlango ukafunguka. Kwanza vikaja viatu vya jeshi, vinang'aa. Kisha tumbo. Kisha medali, safu juu ya safu, mpaka karibu na kitovu, zikilia kama njuga kila hatua. Alikuwa jenerali, mnene, mrefu, anatabasamu. Akamwinulia mkono askari wa mlango, akaelekea kwenye kiti cha dhahabu, akageuka, akakaa, na kiti hakikumtosha. Kikamnasa. Alipojaribu kusimama, kiti kikasimama naye.

Kila mtu alikuwa amemwona mtu yuleyule, na kila mtu alikuwa akijitahidi awe hajamwona.

Mama akacheka.

Chote, kwa pamoja, kama sufuria. Nilikuwa benchi ya nyuma yake na niliona mabega yake yakitambua kosa kabla kicheko hakijaisha, lakini kicheko chake hakikuwa na breki. Baba yangu, kando yake, hakugeuka. Aliweka tu mikono yake juu ya magoti, wazi, kama mtu anayeonyesha kwamba hana kitu.

Mmoja wa wale wawili akasimama. Mwanga wa mashine ukampiga kifuani, jenerali na medali zake wakaonekana juu ya shati lake la maua.

"Nani anacheka?"

Mashine ilikuwa ikizunguka, trrr, trrr. Nilifikiria viatu vya fundi wa redio.

"Afande, keti, unaziba watu," ikasema sauti ya Mkalimani. Ilikuwa nyembamba, inatetemeka; nilimwambia msomaji kwamba alikuwa mwoga. "Hapana kicheko. Hii ni Mama Kikohozi. Iko na kikohozi tangu juzi, inatuharibia filamu. Koplo! Mpe mama maji. Piga yeye kwa mgongo."

Mkewe alikuwa amekwisha kuinuka. Alimpiga mama mgongoni kwa kiganja cha polisi, pa, pa, na mama akakohoa. Akakohoa kwa nguvu zake zote, machozi yakamtoka, na machozi yale hayakuwa ya uongo. Ukumbi mzima ulimjua kwa jina la Mama Kicheko. Watoto walimwita hivyo njiani. Hata mtoto mmoja hakufungua mdomo.

Yule mtu wa miwani alikuwa bado amesimama. Ndipo fimbo ilipoinuka, na kivuli cha ncha yake kikagusa viatu vya jenerali.

"Huyu sasa," Mkalimani akasema. "Mtazameni vizuri. Huyu ndiye mtu mzuri wa hii filamu."

Fimbo ikapanda kutoka viatuni mpaka kwenye kiti.

"Mmeona? Ameingia, na mbele ya kukaa, ameinulia mkono askari wa mlango. Mkubwa namna hii, ameona askari wa mlango! Nyinyi mnacheza na mtu kama huyu? Na kiti, mmeona kiti? Kiti yenyewe imempenda, haitaki kumwacha."

Akaanza kupiga makofi mtu mmoja nyuma, nadhani alikuwa muuza njugu, kisha wote. Tukapiga makofi mpaka mablanketi yakatikisika madirishani. Yule mtu akatazama huku na huku, akaona watu wanamshangilia jenerali, akaketi.

Sasa filamu ilikuwa imebaki nzima, na jina la mlangoni halirudishwi.

Jenerali akaamuru watu wachapwe. "Anasema, hawa wamechoka, wakandwe mgongo." Jenerali akapiga meza, akatoa macho, wafungwa wakaburutwa. "Anagombana na wapishi, kwa nini wageni hawajala. Wanawapeleka jikoni." Akatokea kijana mwembamba, mwalimu, akiruka dirisha la ikulu na bastola, mwenye uso wa kupendeza kabisa. "Huyu sasa, ameacha mlango mzima, amepita dirisha. Mwizi. Chunga sahani zenu." Wake wa polisi wakamzomea kijana yule. Walimzomea kwa Kiacholi, kwa Kilugbara, kwa Kiluganda. Walikuwa na hasira ya miaka, na Jumamosi ile waliimwaga yote juu ya mtu mwema asiyekuwapo.

Mwishoni jenerali alipigwa risasi ngazini. Alianguka polepole, medali moja moja zikibingirika.

"Amechoka," Mkalimani akasema taratibu. "Kazi ya nchi iko nyingi. Wacha alale."

Na bibi mmoja mzee, mama wa sajini, akapiga ukunga wa msiba, wa kweli kabisa, na wengine wakaupokea. Ndivyo filamu ile ilivyoisha, ukumbi mzima ukimlilia dikteta, kila mtu akimlilia aliyemjua yeye.

Mablanketi yalipoondolewa, mwanga ukatuumiza macho. Wale wawili walimwendea Mkalimani. Mmoja akamshika kifungo cha koti.

"Mzee, wewe unajua Kizungu?"

"Najua, afande." Akasimama wima. "Najua 'karibu bwana.' Najua 'kwaheri bwana.' Najua 'ngoja niite teksi.'"

Walitazamana, kisha wakacheka mpaka mmoja akainua miwani kujipangusa macho. "Huyu mjinga kabisa! Amegeuza filamu yote!" Mkalimani akacheka nao, akainamisha kichwa, akawafungulia mlango. Walipofika kizingitini, yule wa kwanza akageuka.

"Mama. Kikohozi bado?"

Mama akakohoa.

Alikohoa majuma mengi. Ilibidi. Alikohoa bombani, alikohoa akianika nguo, alikohoa kanisani katikati ya sala. Majirani walimletea tangawizi na asali na mizizi michungu, naye akavinywa vyote. Mtu mmoja mwema mno akasema huenda ni kifua kikuu, wakamsindikiza zahanati. Daktari akamsikiliza mgongo, akasema, "Mama, kifua chako ni kizima." Mama akasema, "Nipe dawa tu, daktari." Daktari akamtazama kidogo, akampa.

Mama hakumshukuru Mkalimani. Msomaji wa leo atashangaa, lakini kushukuru kungekuwa kukiri kwamba alicheka, na kuta za kambi zilikuwa na masikio. Walipokutana njiani, alisema tu, "Habari, mzee," naye akauliza, "Kikohozi?" na mama akajibu, "Bado kidogo." Miaka ikapita juu ya maneno hayo matatu. Jina la Mama Kicheko halikutajwa tena na mtu yeyote. Na kicheko chenyewe kilikwisha. Jambo likimchekesha, mama aliweka kiganja mdomoni, mabega yakatikisika, haikutoka sauti. Aliendelea hivyo hata baada ya vita, utawala ule ulipoanguka, hata nyumbani kwetu Gulu, mahali ambapo hapakuwa na wa kumsikia ila kuku.

Katika vita vile Mkalimani na Koplo walikimbia, kama wengi wa kambini, na hatukujua walielekea wapi. Katika kuhamahama kwangu nilikuwa na desturi ya kuuliza kila mji kama kuna mzee aliyekuwa akitafsiri sinema. Arua walinionyesha mmoja, hakuwa yeye. Bunia waliniambia amekufa, na nikamfanyia sala. Kisha mwaka jana nikapita Kampala, na muuza maembe wa soko la Nakasero akanieleza habari ya mzee mmoja wa Bugolobi aliyekaa mlangoni mwa duka la dawa la bintiye, akiwafungulia wateja ingawa hakuna aliyemwomba.

Nikamleta mama kutoka Gulu. Njia nzima alijizoeza atakachosema. Alivaa viatu vyake vya kanisani. Tulipofika mbele ya duka akasimama. "Tangulia," akasema. "Mimi napumua kidogo."

Mkalimani alikuwa kwenye kigoda, amekonda, amevaa sweta la kahawia mahali pa lile koti. Mlango ulifunguka kabla sijaugusa. Akanitazama miguu.

"Huyu sasa," akasema. "Huyu hatakaa. Umechakaza viatu, kijana."

Nilichuchumaa mbele yake nikamshika mikono. Niliuliza habari za Koplo, akasema amelala Arua, chini ya udongo, nikampa pole. Kisha nikaanza kumshukuru kwa Jumamosi ile, kwa kirefu, kwa maneno niliyoyabeba miji yote ile. Akaniacha nimalize.

"Shukrani ya nini?" akasema. "Yule jenerali alikuwa mtu mzuri."

"Mzee! Alikuwa muuaji. Filamu nzima."

"Aliinulia mkono askari wa mlango. Uliona ama hukuona?"

"Niliona."

"Basi. Jina la mlangoni halirudishwi."

Bintiye, nyuma ya kaunta, akanikonyeza kama kusema usihangaike. Nami nilikuwa karibu kuamini kwamba tulikuwa tumemshukuru mtu kwa kosa lake, ambalo hata leo halioni. Ndipo mlango ulipotiwa kivuli, na mkono wake ukaenda wenyewe kuuvuta.

Mama alisimama kizingitini na mkoba wake mbele, ameusahau kabisa usemi wake. Mkalimani akatazama viatu vya kanisani. Akapandisha macho taratibu mpaka usoni, kama alivyofanya kwa waliotoka mbali.

"Huyu sasa," akasema. "Mama Kicheko."

Mama hakusogea.

"Kikohozi kimepona?"

Niliona mabega yake yakianza kutikisika, na mkono, kwa mazoea ya miaka yote ile, ukapanda kuziba mdomo. Mzee akainuka kutoka kwenye kigoda, kwa shida, akauondoa mkono ule kwa upole, kama mtu anayesukuma pazia.

"Toa hii," akasema. "Leo hakuna mtu mlangoni. Mlangoni niko mimi."

Na mama akacheka. Kilitoka chote, kwa pamoja, sufuria juu ya sufuria, mpaka chupa za dawa zikagongana kwenye rafu na mteja aliyekuwa barabarani akachungulia kuona ni nini, na mzee, bila kumtazama uso, akamshikia mlango aingie.